Kabla ya Kununua Miche, Kagua Visiki

Ukiwa shambani kiangazi hiki, iwe Dodoma, Singida au Shinyanga, vitazame vizuri vichaka unavyofyeka kila mwaka kabla ya kulima. Vingi ni miti iliyokatwa zamani. Mizizi ingali hai ardhini, inachipua kila msimu, nasi tunaikata tena.

Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, aliligundua hilo mwaka 1983 huko Niger, baada ya miche mingi aliyopanda kufa kwa ukame. Wakulima wakaanza kuviacha visiki vikue. Watafiti waliolinganisha picha za angani na za satelaiti za miaka tofauti walikadiria kuwa takriban hekta milioni 5 za mashamba nchini humo zilirudiwa na miti, sehemu kubwa bila kitalu.

Miti hiyo hubadili hali ya hewa ya shamba lenyewe. Kivuli hupunguza joto la udongo, matawi huvunja nguvu ya upepo unaokausha mazao machanga, na majani yakioza udongo hunywa mvua badala ya kuiacha itiririke. Upo hata mgunga, Faidherbia albida, unaopukutisha majani masika, hivyo hauyanyimi mahindi jua.

Tanzania njia hii ya kuviacha visiki vikue inaitwa kisiki hai. Anza kabla ya mvua. Katika kila kisiki chagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, yenye afya. Mengine yakate karibu na shina. Tumia panga kali na ukate kuelekea juu, maana ukikata kuelekea chini gome hubanduka, na magonjwa hupenya hapo. Kwenye yale uliyoyaacha, pogoa matawi ya nusu ya chini. Matawi uliyokata yatandaze, yatunze unyevu. Kisha funga kitambaa cha rangi kali, jirani na mchungaji wajue mti huo una mwenyewe. Rudi kila baada ya miezi michache uondoe machipukizi mapya.

Adui mkubwa ni mifugo inayoachiwa mashambani baada ya mavuno. Peke yako humuwezi. Lipelekeni suala hili kwenye mkutano wa kijiji, mkubaliane na wafugaji. Wasukuma wanajua faida ya makubaliano hayo: ngitili zao, yaani maeneo ya malisho yaliyotengwa, hufungwa masika, zikafunguliwa malisho yanapoadimika.

Pasipo na visiki, panda miche. Vikiwepo, mkulima mwenzangu, usivifyeke vyote msimu huu. Jaribu kwanza ekari moja.