Mbwa wa Dago na Dungu: Mlinzi Anayehitaji Kulindwa

Tangu zamani wakazi wa kisiwa cha Mafia wamekuwa na sababu mbili kubwa za kulala nje ya nyumba zao. Mvuvi hufuata samaki hadi pwani iliyo mbali na kijiji, akajenga kibanda cha makuti na kukaa huko siku kadhaa. Hilo ndilo dago. Mkulima naye, mazao yakaribiapo kukomaa, hukesha katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili awafukuze nguruwe mwitu na ngedere. Aliye na mbwa humchukua awe masikio yake usiku. Lakini huko nje mbwa hukabiliwa na hatari ambazo hawezi kujikinga nazo mwenyewe. Katika somo hili tutaeleza hatari tatu, tukianza na iliyo nyepesi na kumalizia na ile inayoweza kumwua hata mwenye mbwa.

Joto na maji ya chumvi

Binadamu hujipoza kwa kutoka jasho mwili mzima. Mbwa hana uwezo huo; tezi zake za jasho zimo hasa katika nyayo, na kwa hiyo hujipoza kwa kutweta, ulimi ukiwa nje. Joto la kawaida la mwili wake ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi. Likipita nyuzi 41, ubongo na viungo vingine huanza kuharibika. Mbwa aliyefungwa juani mchangani aweza kufikia hali hiyo kwa muda mfupi. Dalili zake ni kutweta kwa nguvu, kutokwa na udenda mzito na kuyumbayumba. Apelekwe kivulini mara moja, amwagiwe maji ya baridi na kupepewa, kisha anyweshwe kidogo kidogo.

Akikosa maji baridi ya kunywa, mbwa atakunywa ya bahari. Kila lita ya maji hayo ina chumvi yapata gramu 35. Chumvi hiyo huvuta maji kutoka mwilini, akatapika na kuharisha, na kiu ikazidi. Basi anayekwenda dago hana budi kuchukua maji ya mbwa pamoja na ya watu, na kumwekea chombo chake peke yake.

Mabaki ya pwani

Hatari ya pili ni vitu vitupwavyo pwani. Ndoana yenye chambo humezwa upesi, na kuitoa ni kazi ya mganga wa mifugo. Lakini kibaya zaidi ni bunju, yule samaki ajijazaye maji hadi akavimba kama mpira. Aina nyingi za bunju zina sumu iitwayo tetrodotoksini, hasa katika ini, mayai, matumbo na ngozi. Sumu hiyo huzuia mishipa ya fahamu isipeleke habari kwenye misuli. Miguu hulegea, na hatimaye misuli ya kupumulia husimama. Kupika hakuiondoi, wala haina dawa ya kuipinga. Kinga ni moja tu: bunju anaswapo, atupwe kilindini kabla ya chombo kufika pwani.

Kichaa cha mbwa

Hatari ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Baada ya kuingia katika jeraha, virusi husafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Safari hiyo huchukua majuma, pengine miezi. Dalili zikisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa, awe mbwa au mtu.

Mtu aweza kudhani kwamba bahari inamlinda mkazi wa kisiwani. Historia ya Pemba yaonyesha vingine. Chanjo ya mbwa kwa wingi ilianza huko mwaka 2010, na kufikia Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Mwaka 2016 ukarudi, kwa kuletwa kutoka nje ya kisiwa. Ilibidi chanjo irudiwe kisiwa kizima, na Oktoba 2018 ukatokomezwa tena. Sababu yake ni hiyo safari ndefu ya virusi: mbwa aweza kuvuka bahari akionekana mzima kabisa, kumbe amekwisha kuumwa. Lililotokea Pemba laweza kutokea Mafia kwa mbwa mmoja tu aliyepakiwa Nyamisati na kushushwa Kilindoni.

Kwa hiyo mbwa na achanjwe na Bwana Mifugo majuma kadhaa kabla ya kusafirishwa au kupelekwa dago, na chanjo irudiwe kila mwaka. Wataalamu wanaeleza kwamba mbwa 7 katika kila 10 wakiwa wamechanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Usiku afungwe kwa kamba ya kutosha karibu na kibanda, asizurure na kupigana na mbwa wasiojulikana, wala kukutana na viboko wa mabwawani, wala kufukua mayai ya kasa.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apate chanjo. Asingoje asubuhi ya kuvua au mwisho wa mavuno, wala asidanganywe na udogo wa jeraha. Chanjo hiyo, iliyotumiwa kwa binadamu mara ya kwanza na Louis Pasteur mwaka 1885, huokoa maisha ikiwahi. Dalili zikisha kuonekana haifai kitu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mbwa hushindwa na joto upesi kuliko mtu?
2. Kwa nini kupika bunju hakumfanyi kuwa salama?
3. Mbwa aonekanaye mzima awezaje kuleta kichaa kisiwani?