SOMO: PICHA YA USO INAYOTAMBULIKA

Picha ya kitambulisho ni shahidi wa mwenyewe. Uso ukifichwa na kivuli, ushahidi huo hupotea. Watumishi wa Serikali na wananchi wanakumbushwa kuwa jua la adhuhuri hutia kivuli machoni na chini ya pua. Ni bora anayepigwa picha asimame kivulini penye mwanga, au akabili dirisha. Kamera iwe usawa wa macho, umbali wa mita 2 hivi. Ikisogezwa karibu mno, pua huonekana kubwa. Ukuta mweupe huidanganya kamera ikapunguza mwanga, na uso mweusi hutoka giza; hivyo mwanga upimwe usoni, si ukutani. Kabla ya kuwasilishwa, picha ihakikiwe: je, asiyemjua mwenyewe ataweza kumtambua?