Uhai Uliowekwa Katika Baridi

Mkulima wa Makete au wa Kitulo hahitaji kufundishwa kazi ya sakitu. Alfajiri ya mwezi wa Juni au Julai huamka akakuta majani ya viazi yamekuwa meupe, na jua likisha kupanda yamenyauka na kuwa meusi kana kwamba yamepitiwa na moto. Maji yaliyomo ndani ya jani yaliganda, na barafu ikayapasua maungo yake. Jambo tunalotaka kulieleza leo laanzia hapo hapo: wataalamu wamewezaje kugandisha uhai pasipo kuuangamiza, na je, yafaa uhai wa binadamu ugandishwe?

Twaandika kwa sababu jambo hili limekwisha fika majumbani mwetu. Wako watu wa ndoa wa Mbeya na Iringa ambao, wakiisha kukaa miaka mingi pasipo mtoto, huuza ng'ombe, hata shamba, wakashika njia ya Dar es Salaam, mwendo wa kilomita kama 500 kutoka Iringa na zaidi ya 800 kutoka Mbeya, kutafuta mimba itungwayo nje ya mwili. Jirani zetu walitutangulia: Uganda ilipata mtoto wa kwanza wa namna hiyo mwaka 2004, na Kenya mwaka 2006. Katika matibabu hayo wenzi huulizwa: viinitete vitakavyosalia, mwataka vigandishwe? Twahofu kwamba wako watiao saini wasijue vema kilichoandikwa juu ya saini yao.

Kiinitete si yai, wala si mbegu. Yai la mke likiisha kuungana na mbegu ya mume, mwili mpya umeanza, wenye urithi wake mwenyewe, usio wa baba peke yake wala wa mama peke yake. Ni mdogo kuliko ncha ya sindano, lakini kila mmoja wetu aliwahi kuwa wa kadiri hiyo.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe na Njombe waujua mtungi wa bwana mifugo, ule utoao mvuke mweupe ukifunguliwa. Ndani yake mna nitrojeni iliyo maji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sufuri, na ndani ya nitrojeni hiyo hukaa mbegu za madume, kama zile zitengenezwazo katika kituo cha Usa River karibu na Arusha. Ufundi huo ulifunguka mwaka 1949, wataalamu wa Uingereza walipogundua kwamba gliserini huikinga mbegu isiuawe na barafu. Mwaka 1972 waliweza kugandisha viinitete vya panya, navyo vikaishi. Mwaka 1984, mjini Melbourne katika Australia, alizaliwa Zoe Leyland, mtoto wa kwanza duniani aliyepita katika baridi hiyo kabla ya kuingia tumboni mwa mama yake. Hivyo, katika muda wa miaka 35 tu, kazi iliyoanza kwa mbegu za wanyama ikafika kwa mtoto wa mtu. Hatua ya mwisho ndiyo inayotuhusu.

Njia za kugandisha ni mbili. Ya kwanza, ya zamani, ni ya polepole: kiinitete hutiwa dawa ya kukikinga, kisha hupozwa kwa mashine, takriban theluthi moja ya digrii kwa dakika, ili maji yatoke kidogo kidogo kabla hayajawa barafu. Ya pili ni ya ghafula. Dawa huwa kali zaidi, na kiinitete hutumbukizwa katika nitrojeni kwa kasi ya maelfu ya digrii kwa dakika, hata maji yasipate nafasi ya kufanya barafu, bali yakawa kama kioo. Njia hii ndiyo itumikayo sana siku hizi, maana viinitete zaidi ya 9 katika 10 huyeyushwa vikiwa hai. Kwa njia ya kwanza vilipotea vingi zaidi. Mtaalamu atazitaja hesabu hizi kwa furaha, na kazi yake ni ya ustadi kweli. Lakini yule wa 10 naye alikuwa amekwisha anza kuishi.

Sasa afya ya mama na mtoto, maana hapo tusiseme kwa upande mmoja. Kugandisha kuna faida zake. Dawa za kukomaza mayai mengi kwa pamoja huweza kuvivimbisha vifuko vya mayai na kujaza tumbo maji, ugonjwa uwezao kuua. Kiinitete kikingojeshwa miezi kadhaa, mwili wa mama hupumzika. Tena waganga waweza kupandikiza kimoja kimoja badala ya viwili au vitatu, na hivyo kuepusha mapacha na watoto njiti. Lakini ziko hasara nazo. Mwaka 2016 waganga wa China walitoa habari za wanawake 1,508 waliokuwa na vijifuko vingi katika ovari zao. Ugonjwa ule wa kuvimba ulikuwa asilimia 7.1 kwa waliopandikizwa papo hapo, na asilimia 1.3 kwa waliogandishiwa. Shinikizo la damu la mimba, lile liletalo kifafa, likaenda kinyume: asilimia 1.4 kwa wa kwanza, asilimia 4.4 kwa wa pili. Tena watoto waliotoka katika baridi huelekea kuzaliwa wakubwa kupita kiasi. Kwa mama akaaye karibu na hospitali kubwa haya huangaliwa. Kwa mama wa Ileje au Ludewa, wakati wa masika, barabara ikiwa tope, mtoto mkubwa na kifafa cha mimba ni habari nyingine kabisa.

Na Mama Kanisa asemaje? Papa Pius XII alikwisha kataa kutungisha mimba nje ya mwili mwaka 1956, miaka 22 kabla hajazaliwa mtoto wa kwanza wa namna hiyo. Sababu si chuki ya elimu. Mtoto ni tunda la mume na mke wanaojitoa wao kwa wao. Hawezi kufanywa mahali pengine kama chombo, kikapimwa, kikachaguliwa, kingine kikawekwa akiba. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliwasihi wenye madaraka wakomeshe kutengeneza viinitete, kwa kuwa maelfu yalikuwa yamegandishwa na hapakuonekana njia ya haki ya kuwaokoa. Hati *Dignitas Personae* ya mwaka 2008 ikarudia neno hilo hilo. Tafakarini, wazazi: mume akifariki, au wenzi wakiachana, au fedha za kulipia mtungi zikiisha, ni nani atakayewajibu hao walio ndani?

Hata hivyo, kuwaambia wenye huzuni "msifanye" kisha kwenda zetu si ukristo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu 1 katika kila 6 hupatwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Kwetu mirija ya mama huzibwa mara nyingi na kisonono, klamidia, au maradhi ya baada ya kujifungua au kuharibu mimba, na mengi ya hayo yangalizuilika. Wala kosa si la mke peke yake: katika ndoa nyingi zisizo na mtoto chanzo kimo kwa mume, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Mwanamume anayemrudisha mke kwao, naye hajapimwa hata mara moja, anamdhulumu. Waende wote wawili, mapema. Tiba ya maambukizo, upasuaji wa mirija, na kuzitambua siku za rutuba kwa njia ya Billings, hayo yote Kanisa layabariki. Na mtoto yatima aliyepokewa nyumbani ni mtoto kweli.

Yuko pia mama aliyekwisha pata mimba kwa kiinitete kilichogandishwa. Huyo asijifiche, wala jirani wa jumuiya asimnyoshee kidole. Mtoto wake ana roho kama wetu, na atabatizwa kama wetu. Aanze kliniki mapema, Meta mjini Mbeya, Tosamaganga kwa Iringa, au zahanati iliyo karibu. Amweleze muuguzi waziwazi mimba imepatikanaje, apimwe shinikizo la damu kila anapofika, na kichwa kikimuuma sana au macho yakifanya giza, asingoje kesho.