SOMO: NI NANI ANATUNZA KAMBO NYUMBANI?

Masomo: 1 Timoteo 5:4, Marko 7:9-13

Ndugu wanafunzi, zamani za Union Minière, na nyuma ya 1967 zamani za Gécamines, kampuni ilimpa mfanyakazi nyumba, lopitali na posho ya bunga. Halafu mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa "départs volontaires". Wengi wao leo ni wazee wetu, hapa Kolwezi, Kapata na Luilu. Anayewatunza sasa ni jamaa, maana yake sisi pia.

1. KAZI YENYEWE

a) Tumuulize mbele ya kumfanyia. Tunapenda kusema: "Acha, kambo, weye hauwezi." Lakini akiweza kujinawisha uso ao kuchambua maharagwe, tumuachie. Viungo visivyotumika vinaregea mbio.

b) Tuzuie kuanguka. Mzee anaanguka mingi usiku, akienda chooni. Tutoe besani na viti njiani, tumuwekee taa na fimbo karibu ya kitanda.

c) Asiyeweza kujigeuza kitandani, tumgeuze kila saa mbili, mchana na usiku. Tuangalie visigino, kiuno na matako: ngozi ikianza kuwa nyekundu ao nyeusi, kidonda kinakuja. Shuka ikae kavu.

d) Tumpe maji mara na mara, hata asipoomba. Mzee hasikii kiu sawa kijana.

e) Akianza kusema ovyo kwa ghafla, watu wanasema: "Ule ni muloji." Hapana! Inaweza kuwa malaria, kukosa maji, ao ugonjwa mwingine wa mwili. Mdomo ukienda upande mmoja, ao mkono ukikosa nguvu, tusingoje kesho. Tumpeleke kwa munganga saa ile ile.

2. NI NANI ATAIFANYA?

Hapa ndipo tunakosa. Katika nyumba mingi kazi hii yote inaanguka juu ya binti mmoja. Anaamka usiku, anafua, anapika, na mwisho anaacha masomo. Ndugu zake wanaume wanasema: "Siye tuko na mutihani." Yeye hana mtihani?

Katika Marko 7, Yesu anakemea watu waliosema kwamba mali ya kusaidia wazazi imekwisha kuwa Korbani, sadaka ya Mungu. Walitumia jina la Mungu kwa kukimbia kazi. Sisi wa kwaya tujichunguze: kama tunakwenda kuimba kila mangaribi na kambo anabaki na shuka ya maji, wimbo wetu ni Korbani.

Sheria ya Jamaa ya 1 Agosti 1987 nayo inaomba watoto wasaidie wazazi wao walio na lazima. Haisemi paka mabinti.

Basi tuandike kwenye karatasi zamu za juma: nani asubuhi, nani usiku, nani dawa, nani maji. Tuibandike ukutani. Na kambo mwenyewe awe pale tunapoigawanya, juu ni mwili wake.

MAULIZO

1. Juma hili, nani alifua shuka za mzee kwetu?
2. Ni kazi gani tulimnyang'anya mzee, na angali anaiweza?
3. Korbani yetu ni nini?