Msaada wa Mataifa na Sadaka ya Maskini

Somo: 2 Wakorintho 8:1-15, 20-21.

Wapendwa, tangu mwaka 2003 Serikali ya Marekani imetoa mali nyingi kwa ajili ya dawa za UKIMWI, na wengi katika nchi yetu wamepona mauti kwa dawa hizo. Lakini Januari 2025 ilisimamisha misaada yake, na hofu ikaingia nyumba za wagonjwa, hata huku kwetu Temeke na Kinondoni. Februari Uingereza nayo ilitangaza kwamba fungu lake litapunguzwa, kutoka sehemu 5 hadi 3 katika kila 1000 za pato la nchi, ifikapo mwaka 2027.

Twajifunza nini?

Kwanza, tumshukuru Mungu kwa yaliyotolewa. Ni uhai wa watu.

Pili, mkono wa mataifa waweza kufungwa kwa siku moja. Wamakedonia walikuwa maskini, nao walitoa. Hatuwezi kununua dawa za nchi nzima. Nauli ya jirani twaiweza.

Tatu, Paulo hakuichukua fedha peke yake, bali pamoja na ndugu waliochaguliwa, asilaumiwe. Basi hesabu zetu na zisomwe mbele ya wote.

Swali kwa walimu: Katika mtaa wenu, ni nani akosaye nauli ya kufuata dawa? Nani atamwendea juma hili?