King'ora na Vitasa vya Gari: Ubovu Hutafutwaje?

Huko Malambo, katika Wilaya ya Ngorongoro, gari moja huweza kutegemewa na wengi kumfikisha mgonjwa hospitali. Gari hilo likilia king'ora ovyo usiku, au milango yake ikikataa kufunguka, karakana za Karatu na Arusha ziko mbali. Hata hivyo, mwanafunzi aliyeielewa Kanuni ya Ohm anaweza kuutafuta ubovu huo kwa utaratibu.

Swali la kwanza ni hili: je, umeshindwa mlango mmoja au yote? Kila mlango una mota yake ndogo ya kuvuta kitasa. Ukishindwa mmoja tu, yamkini kosa limo katika mota hiyo au katika waya zake, ambazo hukatika karibu na bawaba kwa kukunjwa mara kwa mara. Ikishindwa yote, huchunguzwa kwanza vitu vinavyotumiwa na milango yote: betri, fyuzi, na waya wa ethi unaounganisha ncha hasi ya betri na bodi ya gari.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Gari likiwa limetulia, voltimita huonyesha volti 12 au zaidi, nao huamini kwamba umeme unatosha. Chukulia kwamba kutu na vumbi vimetia ukinzani wa omu 0.2 katika kiungo cha ethi. King'ora kinapongoja hutumia mkondo mdogo, kwa mfano ampea 0.03, volti zinazopotea ni 0.03 × 0.2, yaani 0.006 tu. Lakini mota zote zikivuta pamoja ampea 20, hupotea 20 × 0.2, yaani volti 4. Zinabaki 8, na vitasa hushindwa. Tena, baadhi ya ving'ora hutambua mlango uliofunguliwa kwa kushuka ghafla kwa volti. Hivyo kiungo kibovu huweza pia kukiamsha king'ora pasipo mwizi.

Kwa hiyo kiungo hupimwa kikiwa kazini. Taa kubwa huwashwa. Ncha moja ya voltimita huwekwa kwenye ncha hasi ya betri, ya pili kwenye chuma kitupu cha bodi. Zikionekana zaidi ya nusu volti, kiungo kifunguliwe, kisuguliwe mpaka king'ae, kisha kikazwe. Kabla ya kuifungua betri, ufunguo uwe nje ya gari na dirisha liwe wazi. Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa waya wala kwa fyuzi kubwa zaidi, kwani gari huweza kuwaka moto.

Zoezi: Taa kubwa mbili, kila moja ya wati 55, zinatumia volti 12. Tafuta mkondo wote, na volti zinazopotea katika kiungo cha omu 0.2.

Jibu: Ampea 9.2 hivi, volti 1.8 hivi.