Admirali Collingwood, Aliyebaki Baharini

Wengi wa wasomaji wetu wamesikia habari za Nelson, admirali wa Waingereza aliyeuawa katika mapigano ya Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805. Huyo ana sifa zake, wala hatumpunguzii. Lakini leo twataka kueleza habari za rafiki yake, Cuthbert Collingwood, aliyeipokea kazi siku ile Nelson alipokata roho, nayo kazi hiyo haikumwachilia mpaka kufa.

Alizaliwa mwaka 1748 katika mji wa Newcastle, kaskazini ya Uingereza, akaingia manowarini akiwa na umri wa miaka 12. Mabaharia wa siku zile walitawaliwa kwa mjeledi. Kwa kosa dogo tu mtu alifungwa, akapigwa mgongo wazi mbele ya wenzake wote. Collingwood alichukia jambo hilo. Mkosaji alitiliwa maji katika pombe yake, au alitengwa na wenzake wakati wa kula, au aliongezewa kazi. Tena aliwaagiza maofisa wasimwite mtu kwa dharau: wasipolijua jina lake, na wamwite "baharia". Je, watu wake walilegea kwa hayo? Hasha! Walizoezwa kupiga mizinga yote ya ubavu mmoja mara tatu katika dakika tatu na nusu.

Siku ya Trafalgar, karibu na pwani ya Hispania, Waingereza walikuwa na manowari kubwa 27, Wafaransa na Wahispania 33. Nelson alizigawa zake safu mbili, ya pili akampa Collingwood. Merikebu yake, Royal Sovereign, ilikuwa imebandikwa shaba mpya chini, kwa hiyo ilikwenda mbio ikaziacha nyingine nyuma, ikaingia peke yake katikati ya adui. Hata ilipofika jioni ushindi umepatikana, Nelson amekufa, na Collingwood ndiye mkuu wa wote, juu ya merikebu iliyovunjika milingoti.

Ndipo dhoruba ilipokuja. Nelson alikuwa ameagiza watie nanga baada ya vita. Collingwood hakufanya hivyo usiku ule, na wako wanaomlaumu mpaka leo. Sisi twaona lawama hiyo ni nyepesi kwa mtu aliye nchi kavu, maana nanga na amari nyingi zilikuwa zimeharibiwa kwa risasi. Katika merikebu zilizotekwa ni 4 tu zilizofika Gibraltar. Nyingine zilizama, au zilichomwa, au zilirudi kwa wenyewe. Lakini hakuna hata moja ya Waingereza iliyopotea. Na katikati ya taabu hiyo alifanya jambo tunalolisifu kuliko ushindi wenyewe: aliwarudisha majeruhi wa Kihispania kwa ndugu zao pwani ya Cádiz. Liwali wa huko akajibu kwa kuwafungulia majeruhi wa Kiingereza hospitali zake. Mwaka 1808, Wahispania walipomwasi Napoleon, Collingwood alishuka Cádiz, na umati mkubwa ukampokea kwa shangwe.

Mfalme alimpa cheo cha Lord. Naye kwa kuwa hakuwa na mwana wa kiume, aliomba binti zake wawili wakirithi, hakukubaliwa. Lakini alichotamani zaidi ni nyumba yake ya Morpeth na bustani yake. Wakati wa amani fupi ya mwaka 1802 alikuwa akitembea na mbegu za mwaloni mfukoni, akizipanda kila alipoona mahali pazuri, ili wajukuu wasikose mbao za merikebu. (Miti hiyo ilipokomaa, manowari zilikuwa za chuma!) Tangu 1803 hakumwona tena mkewe wala binti zake, malezi yao aliyafuata kwa barua.

Miaka mitano alizisimamia manowari za Bahari ya Mediterania, akiwazuia Wafaransa wa Toulon wasitoke, na mezani pake barua za wafalme na mabalozi hazikwisha. Tumbo likamwuma, chakula kikamshinda. Aliomba ruhusa ya kurudi; wakuu wa London wakamsihi akae, kwa kuwa ni vigumu kumpata wa kushika mahali pake. Akakaa. Machi 1810, nguvu zilipokwisha, alikabidhi kazi. Tarehe 6 manowari Ville de Paris iliondoka naye Port Mahon, katika kisiwa cha Minorca, kumpeleka kwao. Tarehe 7 akafariki njiani, mwenye umri wa miaka 61. Alizikwa London, katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, karibu na Nelson. Na cheo chake cha Lord kikaisha siku ile ile aliyokufa.